Mshipa Gani? Mahali pa Anatomia katika Tiba ya Wayunani na Waarabu

Mtu akikwambia "mshipa unanisumbua," bado hujajua anaumwa nini. Huenda ni mshipa wa damu uliovimba nyuma ya goti. Huenda ni neva iliyobanwa mgongoni, ile ambayo vitabu vya shule huiita mshipa wa fahamu. Huenda ni ukano wa kisigino, au shingo iliyokaza kwa kulalia mto vibaya. Na pwani huenda ni ngiri au mabusha, ila mgonjwa anaona haya kuyataja kwa jina. Neno ni hilo hilo moja, na aliyelisema haoni kasoro yoyote, kwa sababu kwake vyote hivyo ni nyuzi zinazopita mwilini.

Naanza na neno hili makusudi. Kuna tiba iliyotoka kwa Wayunani, ikaandikwa upya kwa Kiarabu, na mpaka leo huko India na Pakistan inaitwa tiba ya Kiyunani. Ukiuliza anatomia ilikuwa na kazi gani ndani ya tiba hiyo, swali linaanzia hapo hapo: uzi upi ni upi, unatoka wapi na unakwenda wapi. Wengi hulijibu kwa mkato. Wako wanaosema Waislamu walikatazwa kupasua maiti, kwa hiyo hawakujua ila walichonakili. Wako wanaosema Waislamu waligundua kila kitu, Wazungu wakaja kuiba. Majibu yote mawili yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana hayafi.

Wayunani nao walikuwa na "mshipa" wao. Neno lao lilikuwa *neuron*, ambalo leo limetuzalia "neva," lakini zama za Hippocrates na Aristotle lilimaanisha ukano, au uzi wa upinde, au kitu chochote cheupe na kigumu kinachoshika kiungo na kiungo. Aristotle, pamoja na akili zake zote, aliamini kuwa makao ya hisi ni moyo, na kwamba kazi ya ubongo ni kuupoza. Hakuwa mjinga. Hakuwa na sababu ya kuamini vinginevyo maadamu hakuna aliyemwonyesha kuwa kuna nyuzi za aina ya pekee zinazotoka kichwani na mgongoni.

Aliyezionyesha ni Herophilus, pale Iskandaria, mwanzoni mwa karne ya 3 kabla ya Kristo. Yeye na mwenzake Erasistratus walipewa ruhusa na wafalme wa ukoo wa Ptolemy kupasua miili ya binadamu. Celsus, Mrumi aliyeandika karne tatu baadaye, anadai walipewa hata wafungwa wakiwa hai. Wanahistoria wanabishana juu ya hilo mpaka leo. Herophilus ndiye aliyetofautisha neva na kano, tena akatofautisha neva za kuhisi na za kutikisa viungo. Ndiye pia aliyepima kipande cha utumbo kinachoanzia tumboni akakikuta kina urefu wa vidole kumi na viwili. Waarabu walipokuja kukitaja walisema *ithna ashari*, na Walatini wakasema *duodenum*. Maana ni ile ile, kumi na mbili. Kipande kinachofuata kilikuwa kikikutwa kitupu kila maiti inapofunguliwa, basi Wayunani wakakiita mfungaji. Waarabu wakakiita *as-saim*, aliyefunga saumu, na hata jina la Kilatini linalotumika hospitalini leo maana yake ni hiyo hiyo. Kwa hiyo mwaka mzima, Ramadhani na isiyo Ramadhani, ndani ya kila mmoja wetu kuna utumbo uliofunga.

Baada ya hao wawili mlango ulifungwa. Kupasua maiti za watu kwa ajili ya elimu kulikoma, na hakukurudi kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tano. Hapa tuhesabu vizuri, maana ndipo hoja ya "walikatazwa na Uislamu" inapojikwaa: kutoka Herophilus hadi Hijra ni takriban miaka 900. Uislamu ulipofika, jambo hilo lilikuwa limekwisha kuzikwa na Wayunani na Warumi wenyewe.

Galen, ambaye Waarabu walimwita Jalinus, alifanya kazi yake ndani ya kizuizi hicho. Alizaliwa Pergamon mwaka 129 na akawa tabibu wa wapiganaji wa mapanga wa mji huo, kazi iliyomwonyesha ndani ya mwili kupitia majeraha. Mengine yote aliyapata kwa nyani, nguruwe, mbuzi na ng'ombe. Huko Roma aliwahi kumfunga nguruwe mbele ya wakubwa, nguruwe akipiga kelele, kisha akakaza uzi kwenye neva nyembamba za kooni. Kelele zikakatika pale pale. Akalegeza uzi, kelele zikarudi. Kwa tukio moja alikuwa amebainisha kwamba sauti inatawaliwa na ubongo kupitia neva, na Aristotle na moyo wake wakabaki bila la kusema.

Sasa tufike penye fundo lenyewe.

Tiba hii ilisema maradhi ni kuharibika kwa uwiano wa ahlati nne: damu, balghamu, safra yaani nyongo ya manjano, na sauda yaani nyongo nyeusi. Kila moja ina tabia mbili kati ya joto, baridi, umajimaji na ukavu. Mchanganyiko wake kwa kila mtu huitwa mizaji. Kama ugonjwa ni mizaji iliyoharibika, na dawa ni kurudisha uwiano kwa chakula, dawa za moto na za baridi, kuharisha, kutapika na kutoa damu, basi tabibu anahitaji nini kujua mfupa wa paja umeungana vipi na nyonga? Kwa nini Galen aandike vitabu 15 vya namna ya kupasua na vingine 17 juu ya manufaa ya kila kiungo, na Waarabu wavifasiri vyote?

Tunatatizika kwa sababu tunasoma tiba yao kwa macho ya tiba yetu. Tangu Giovanni Battista Morgagni wa Padua alipochapa kitabu chake mwaka 1761, tabibu amezoea kuutafuta ugonjwa ndani ya kiungo: pafu lenye doa, figo lenye jiwe, uvimbe katika ini. Kwetu kiungo ndicho kinachougua. Kwao kiungo kilikuwa jiko, au ghala, au mfereji. Kilichougua hasa ni kile kinachopikwa, kinachowekwa na kinachopitishwa.

Mtazame Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyeandika kwa Kiarabu, anavyoeleza ini. Chakula hupondwa tumboni kikawa kama uji, kikavutwa na mishipa myembamba ya utumbo hadi kwenye mlango wa ini, na hapo ndipo upishi wa kweli unapofanyika. Kama chungu chochote kinachochemka, panatokea povu juu na mashapo chini. Povu ni safra, linakwenda kwenye kifuko cha nyongo. Mashapo ni sauda, yanakwenda kwenye wengu. Kilichoiva sawasawa ni damu. Ambacho hakijaiva vizuri ni balghamu, na hiyo haina ghala lake maalumu, kwa kuwa viungo vyote vinaweza kuihitaji wakati wowote. Aliyewahi kusimama jikoni hawezi kuuona mfano huu kuwa wa kijinga. Lakini angalia: bila anatomia haupo. Lazima ujue kuna mshipa kutoka utumbo kwenda ini, kuna njia kutoka ini kwenda kwenye nyongo, na wengu lipo upande gani.

Na juu ya ahlati kulikuwa na roho tatu. Roho ya kimaumbile ikikaa inini na kusafiri kwa vena, mishipa ya damu isiyodunda, ikilisha mwili. Roho ya uhai ikikaa moyoni na kusafiri kwa ateri, mishipa ya damu inayodunda, ikipeleka joto. Roho ya nafsi ikikaa ubongoni na kusafiri kwa neva, ikileta hisi na mwendo. Makao matatu, nyuzi za aina tatu. Ukitaka kujua kwa nini tiba hii ilishikilia sana kutenganisha vena, ateri na neva, sababu ni hiyo: kila uzi ulikuwa wa mfalme wake. Kiarabu cha matabibu kilisema *warid*, *shiryan* na *asab*, na mtu akizichanganya ilikuwa kama kupeleka barua ya Mombasa Kigoma. (Hiyo *warid* ndiyo iliyomo ndani ya Kurani, sura ya 50, Mungu anaposema yuko karibu na mtu kuliko *hablil-warid*. Wafasiri wetu wa Kiswahili husema "mshipa wa shingo." Mshipa tena.)

Kwa hiyo anatomia ilikuwa ramani ya mifereji. Galen mwenyewe ana kisa kinachoonyesha thamani ya ramani hiyo kuliko maelezo yoyote. Alikuwapo msomi mmoja aitwaye Pausanias ambaye vidole viwili vya mwisho vya mkono na nusu ya kile cha kati vilikufa ganzi. Matabibu walikuwa wakimpaka dawa vidoleni bila mafanikio. Galen akamuuliza kama amewahi kuumia mahali. Naam, alianguka kutoka garini, akapiga mgongo wa juu, chini ya shingo. Galen akaichukua dawa ile ile, akaihamisha kutoka vidoleni kwenda uti wa mgongo, mahali neva inayofika vidole hivyo inapochipukia. Jamaa akapona. Dawa haikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni mahali. Kitabu chenye mashauri ya namna hii kilifasiriwa kwa Kiarabu na kikasomwa na kila tabibu aliyejiheshimu.

Kazi ya kufasiri ilifanyika Baghdad katika karne ya 9, na bingwa wake alikuwa Hunayn ibn Ishaq, Mkristo kutoka al-Hira aliyefariki mwaka 873. Katika barua yake maarufu anaorodhesha vitabu vya Galen vipatavyo 129, akieleza kipi kilifasiriwa na nani, na nakala gani ya Kiyunani ilikuwa mbovu. Sehemu ya mwisho ya vile vitabu 15 vya upasuaji imepotea kabisa kwa Kiyunani. Tunayo leo kwa sababu ipo kwa Kiarabu tu. Hunayn pia aliandika makala kumi juu ya jicho, na michoro ya jicho iliyomo katika nakala zake ni miongoni mwa michoro ya kale zaidi ya aina hiyo tuliyo nayo. Tabaka za jicho zikapewa majina ya vitu vya nyumbani: ile ya pembe, ile ya zabibu, ile ya buibui, ile ya wavu. "Retina" ya hospitali zetu ni tafsiri ya Kilatini ya hiyo ya wavu, *shabakiya*. Utando mgumu unaofunika ubongo Waarabu waliuita mama, kwa kuwa unaulea na kuulinda. Kuna mama mgumu na mama mwororo. Mfasiri wa Kilatini alilichukua neno kama lilivyo, na hadi leo daktari wa upasuaji wa ubongo popote duniani anasema *dura mater*, mama mgumu, pengine bila kujua mama huyo ni Mwarabu.

Waarabu hawakuacha anatomia iwe kitabu kilichotengwa rafuni. Waliigawa. Katika *Kanuni* ya Ibn Sina (980–1037), juzuu ya kwanza ina viungo sahili, vile ambavyo ukikata kipande, kipande ni sawa na kizima: mfupa, neva, ateri, vena, pamoja na misuli. Juzuu ya tatu inashuka kutoka kichwani hadi miguuni ikitaja viungo vilivyoungwa, kama jicho, pafu na figo, na kila mlango unaanza na umbile la kiungo kabla ya kutaja maradhi yake. Mpango huu unasema jambo: tabibu anasoma anatomia kwa kiasi cha ugonjwa ulio mbele yake. Tena Ibn Sina anakiri waziwazi kuwa kifalsafa Aristotle ana haki, moyo ndio asili ya nguvu zote, lakini tabibu akishika maneno ya Galen juu ya makao matatu hakosi kitu, kwa sababu kuamua nani mkweli ni kazi ya mwanafalsafa. Mimi huona sentensi hiyo inaeleza zaidi kuliko kurasa mia. Anatomia ilitakiwa itoshe kutibu. Ukweli wa mwisho ulikuwa suala la meza nyingine.

Penye mkono na kisu, hata hivyo, hapakuwa na masihara.

Kutoa damu kulihitaji kuchagua vena. Ya nje ya kiwiko, *qifal*, kwa maradhi ya kichwa na shingo. Ya ndani, *basliq*, kwa yaliyo chini ya shingo. Kati ya kidole cha pete na kidole kidogo kuna ndogo nyingine: mkono wa kulia kwa ini, wa kushoto kwa wengu. Unaweza kuicheka nadharia, lakini vena zipo, na hatari ipo. Chini ya *basliq* inapita ateri, na vitabu vinaonya tena na tena kwamba atakayechoma kwa pupa atakutana na damu nyekundu inayoruka, na hapo kazi imegeuka msiba. Al-Shayzari, aliyeandika huko Sham katika karne ya 12 mwongozo wa *muhtasibu*, yaani msimamizi wa masoko na mafundi, anataka mtoa damu awe anajulikana kwa ujuzi wake wa viungo, vena, misuli na ateri. Na anayejifunza aanze kwa kuchoma mishipa ya majani ya *silq* mpaka mkono utulie. *Silq* ni mboga ile ile ambayo wauza mboga wengi wa Afrika Mashariki huiita spinachi, ingawa spinachi yenyewe ni mmea mwingine. Kila nikipita sokoni nikiyaona majani yale mapana yenye uti mweupe, namkumbuka mwanafunzi wa Sham na kisu chake.

Kwa fundi wa kuunga mifupa, mwongozo huo huo unataka ajue idadi ya mifupa ya binadamu, ambayo wao waliihesabu 248. Sisi tunahesabu 206 kwa mtu mzima. Tofauti inatokana kwa sehemu na wapi unasema mfupa mmoja umeishia na mwingine umeanza, jambo tutakalolirudia hivi punde.

Aliyelia zaidi juu ya upungufu wa anatomia ni al-Zahrawi wa Uhispania, aliyefariki karibu mwaka 1013. Makala ya 30 na ya mwisho ya kitabu chake kikubwa ni ya upasuaji, ikiwa na michoro ya vyombo ipatayo 200. Anaifungua kwa lawama: katika nchi yetu hakuna fundi wa kisu, kwa sababu hawasomi maumbile ya viungo kama Galen alivyoyaeleza. Kisha anatoa ushahidi aliouona kwa macho yake. Tabibu mmoja alimpasua mwanamke uvimbe shingoni, akakata ateri, na mwanamke akamwaga damu mpaka akaanguka maiti mbele yake. Al-Zahrawi hataji kanuni yoyote ya ahlati katika kisa hicho. Palikuwa na shingo, kisu, na mtu asiyejua kilicho chini ya ngozi.

Basi walipasua au hawakupasua? Wanyama, ndiyo. Yuhanna ibn Masawayh, tabibu wa makhalifa wa Baghdad na mwalimu wa Hunayn, alitaka nyani wa kupasua, na inasimuliwa kuwa mwaka 836 mtawala wa Nubia alimtumia Khalifa al-Mu'tasim nyani mkubwa, naye akampata. Kumbe hata Nubia ina mchango katika hadithi hii, ingawa mchangiaji mwenyewe hakuulizwa. Maiti za watu, hatuna ushahidi wa wazi wa desturi ya namna hiyo. Vitabu vya sheria havikuwa na kifungu kilichosema "tashrihi ni haramu" (tashrihi ndilo jina la Kiarabu la anatomia na la kupasua), lakini ilikuwapo heshima nzito kwa maiti: hadithi mashuhuri inasema kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja wa aliye hai, na maziko hayacheleweshwi. Wakati huo huo elimu yenyewe ilisifiwa. Al-Ghazali, ambaye hakuwa rafiki wa wanafalsafa, alisema anayetazama maajabu ya viungo hawezi kukwepa kukiri hekima ya Muumba. Mwanafalsafa Ibn Rushd ananukuliwa kuwa mwenye kujishughulisha na tashrihi huzidi imani. Kwa hiyo watu waliisoma, waliipenda, waliihutubia, na hawakuigusa. Hii ndiyo hali isiyoingia ndani ya yale majibu mawili ya mkato.

Lakini wakati mwingine maiti ilikuja yenyewe. Kati ya mwaka 1200 na 1202 Mto Nile ulikosa kujaa, na Misri ikapata njaa mbaya hata watu wakalana. Abd al-Latif al-Baghdadi, tabibu mgeni aliyekuwa Kairo, alisikia kuna kilima cha mifupa mahali panapoitwa al-Maqs, akaenda na wenzake. Galen alisema taya la chini ni mifupa miwili iliyounganishwa kidevuni. Abd al-Latif akatazama fuvu moja, hakuona kiungo. Akatazama jingine. Akatazama zaidi ya 2,000, akawaita na wengine wasiomjua Galen watazame pia, na wote wakaona mfupa mmoja. Akaandika kwamba Galen, pamoja na ukubwa wa daraja lake, ushahidi wa hisi ni mkweli zaidi yake. Kisha akaenda kwenye makaburi ya kale kuhakikisha kama mifupa ya zamani nayo iko hivyo, na ilikuwa hivyo. Kosa la Galen lilikuwa limekaa miaka elfu moja ndani ya videvu vya wasomaji wake.

Miaka kama arobaini baadaye, kwa upande wa moyo, akaja Ibn al-Nafis. Alisomea tiba Damascus, akafanya kazi Kairo, akafariki 1288 akiiachia hospitali ya Mansuri nyumba yake na vitabu vyake. Akiwa na umri wa takriban miaka 30 alichambua sehemu za anatomia ndani ya *Kanuni*. Nakala ya zamani inayojulikana ni ya mwaka 1242. Galen alikuwa amesema damu inapenya kutoka chemba ya kulia ya moyo kwenda ya kushoto kupitia vitundu visivyoonekana ukutani. Ibn al-Nafis akasema ukuta huo ni mnene, hauna tundu linaloonekana wala lisiloonekana. Damu inapanda mapafuni kwa mshipa wake, inachujwa, inachanganyika na hewa, na inarudi upande wa kushoto. Ibn Sina alisema moyo una chemba tatu. Yeye akasema mbili tu, na tashrihi inayakanusha waliyoyasema. Lakini ni mtu huyo huyo aliyeandika kwenye dibaji kwamba kilichomzuia kupasua ni sheria na huruma iliyo katika tabia yetu, kwa hiyo atategemea maneno ya waliotangulia, Galen hasa.

Aliona nini, basi? Wengine wanaamini alipasua akaficha. Nami naona jibu jepesi linatosha: moyo wa mbuzi unapatikana kwa mchinjaji yeyote, na ukuta wake ni mnene. Zaidi ya hapo alikuwa msomaji asiyekubali kitu kisichoshikamana. Mfananishe na Mondino wa Bologna, ambaye karibu mwaka 1316 alikuwa akipasua maiti za watu kweli kweli, na bado akaandika kuwa moyo una chemba ya tatu katikati, kwa sababu vitabu vilisema hivyo. Mmoja anasema hakukata, akaona. Mwingine alikata, asione.

Na sasa jambo ambalo masimulizi ya ushujaa huliruka. Ugunduzi wa Ibn al-Nafis haukubadilisha tiba hata kidogo. Yeye mwenyewe hakuandika kwamba kutoa damu kuachwe wala kwamba ini lisiitwe jiko la damu. Kitabu chake kilisomwa, kikanukuliwa na wachache, kikalala. Andrea Alpago wa Belluno, Mwitalia aliyekaa Damascus miaka mingi, alifasiri baadhi ya maandishi yake, yakachapwa 1547. Huko Ulaya, Servetus alieleza njia hiyo hiyo ya mapafu mwaka 1553, Colombo 1559. Kama walikuwa wamepata fununu ya Mwarabu huyo, hakuna aliyethibitisha. Huko Mashariki aliamshwa mwaka 1924, pale Mmisri Muhyi al-Din al-Tatawi, akiandaa tasnifu yake Ujerumani, alipoikuta nakala katika maktaba ya Berlin.

Tusiwalaumu haraka. Tabibu Mwingereza William Harvey alieleza mzunguko wa damu mzima mwaka 1628, na Ulaya iliendelea kuwatoa watu damu kwa ahlati zile zile kwa karne mbili nyingine. Ramani ikisahihishwa, anayeamini ugonjwa ni maji machafu hana haraka ya kubadili dawa. Atasema tu maji yanapita njia nyingine.

Leo anayesomea tiba ya Kiyunani India anasoma anatomia ya kisasa, na jina la somo kwenye ratiba bado ni *tashrih*. Makao matatu hayamo tena ndani ya mwili anaoukuta mezani.

Kwetu pwani kilichofika kinajulikana kwa masikio. Damu ni neno la Kiarabu. Balghamu pia. Safra imekuwa safura, na maana imehama kutoka nyongo kwenda kupungukiwa damu. Maumivu ya viungo ni baridi yabisi, baridi na kavu, tabia mbili za sauda neno kwa neno. Bibi anayemsugua mumewe mafuta ya moto magotini anamtibu Kijalinus bila kumjua Jalinus. Tabibu, tiba, dawa, maradhi, roho, nafsi: vyote vilishuka na majahazi. Sasa taja viungo: moyo, ini, figo, pafu, wengu, ubongo, mfupa, utumbo, nyongo. Karibu vyote ni vyetu vya asili, havikuhitaji kuazimwa. Ahlati zilivuka bahari kwa mdomo, kwa vyakula vya moto na vya baridi, na kwa kuumika. Tashrihi ilikuwa ya vitabu, ikabaki na vitabu. *Asab*, *shiryan* na *warid* hazikushuka bandarini, na mgonjwa wa leo bado anamwambia daktari mshipa unamsumbua, naye daktari anaanza kwa kuuliza: mshipa gani?